Mdeki wa shaba kwa gobore la mzee: miezi minane ya kuutumia, Sengerema

Gobore la mzee wangu lina leseni na limenizidi umri. Macho yake yamepungua, kwa hiyo kulisafisha ni kazi yangu, yeye akiwa amekaa pembeni. Zamani tulitumia kipande cha nondo. Nikavuka kwenda Mwanza mjini, nikanunua mdeki wa shaba, yaani fimbo ya kushindilia na kusafishia mtutu, wenye brashi, kichwa cha kushikia kitambaa na skurubu ya kung'olea risasi. Shaba ni laini kuliko chuma cha mtutu, haiukwaruzi, wala haitoi cheche.

Siku ya kwanza tu nilijua pesa yangu haikupotea. Mzee alisema mtutu ni mtupu tangu masika. Nikatumbukiza mdeki ukagota, nikaubana kwa vidole pale mdomoni, nikauchomoa na kuulaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha iliishia vidole vinne kabla ya kufika kwenye chuchu ya fataki, pale nyuma ya mtutu moto unapoingilia kuwasha baruti. Ndani mlikuwa na baruti na risasi! Mzee alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, hili nimelitundika juu ya kitanda cha wajukuu."

Fataki, kile kikofia kidogo kinachotoa moto kikigongwa, haikuwepo, namshukuru Mungu. Tulimimina maji mtutuni, tukaliacha hadi kesho yake, ndipo nikang'oa risasi kwa skurubu, uso nimeuweka pembeni ya mdomo. Baruti ilitoka kama tope jeusi.

Tangu hapo nimechora mistari miwili kwenye mdeki kwa tupa: mmoja wa mtutu mtupu, mwingine wa mtutu ulioshindiliwa sawasawa. Mstari huu wa pili ukibaki juu ya mdomo, risasi haijakalia baruti, na uwazi huo unaweza kuupasua mtutu. Na iwe baruti nyeusi tu. Ile ya risasi za kisasa usiiguse kabisa.

Brashi ndiyo iliyoniudhi. Nywele zake zilipukutika ndani ya miezi mitatu na muuzaji akakataa kuibadilisha. Sasa natumia kitambaa cha pamba, maji ya moto na sabuni siku ileile lilipopigwa, kwa sababu masizi ya baruti huvuta unyevu, na kwa hewa hii ya ziwa ukilala tu unaamkia kutu. Likikauka napaka mafuta ya cherehani, na mafuta hayo lazima yafutwe kabla ya kushindilia tena.

Gobore linakaa kwenye kabati la chuma lenye kufuli. Mistari ile mzee haioni, anaipapasa kwa ukucha.