Seti ya kulelea viluwiluwi: tangi zuri, bango la kupotosha

Seti za kulelea viluwiluwi zinazouzwa kwa familia na shule huwa na vitu vilevile: tangi la plastiki la lita 3 hadi 5, kokoto, kisiwa cha plastiki, pakiti ya chakula cha unga, lenzi ya kukuzia na bango la safari ya yai hadi chura. Nyingine huja na kuponi ya kuletewa viluwiluwi mwezi wowote wa mwaka. Tangi na lenzi vina thamani. Bango na kuponi ndivyo vinavyoharibu kazi.

Bango huchora ratiba moja ya wiki 12 hivi kwa vyura wote. Chura wa kawaida wa Ulaya, Rana temporaria, huikaribia: mayai huanguliwa baada ya wiki 2 hadi 3, na vichura hutoka majini kati ya wiki ya 12 na ya 16. Lakini kiluwiluwi wa chura mkubwa wa Marekani, Lithobates catesbeianus, kwenye maeneo ya baridi huweza kukaa majini majira yote ya baridi akiwa bado na mkia. Anayefuata bango atadhani kiluwiluwi huyo amedumaa, atamwongezea chakula, na maji yataoza.

Salamanda, mnyama mwenye umbo kama la mjusi lakini wa kundi moja na chura, ndiye anayeonewa zaidi na bango. Kiluwiluwi wa chura huota miguu ya nyuma kwanza. Salamanda huota ya mbele, na matamvua yake hubaki nje ya kichwa kama manyoya mpaka akaribie kuhamia nchi kavu. Tena ni mla nyama. Unga wa kwenye pakiti hautamfaa. Anataka kinachosogea, kama dafnia, yaani viroboto wa maji. Wakibanana au wakiwa na njaa, hutafunana miguu na mikia. Na mayai ya salamanda wa madoa, Ambystoma maculatum, yakigeuka kijani yasimwagwe: huo ni mwani unaoishi ndani ya ute na kukipa kiinitete oksijeni. Yai lililokufa huwa jeupe, lenye ukungu.

Tangi lenyewe ni zuri ukiheshimu ukubwa wake. Kiluwiluwi 1 kwa lita 1 ni kipimo salama, kwa hiyo tangi la lita 4 ni la wanne. Kinachoua wengi ni amonia itokanayo na mabaki ya chakula: toa kiasi kidogo, na kilichobaki kitolewe siku hiyohiyo. Badilisha theluthi ya maji kila baada ya siku 2 au 3. Maji ya bomba yenye klorini yakae wazi saa 24 kwanza. Yenye kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, hayatasafika kwa kukaa, yanahitaji dawa ya kuiondoa. Kipimajoto mara nyingi hakimo, na hiyo ni kasoro kubwa. Kwa spishi za nchi za baridi, nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi zinafaa. Joto likizidi, hukua haraka lakini hutoka vichura vidogo, na oksijeni majini hupungua. Usiweke tangi juani.

Kisiwa cha plastiki huwa chenye mwinuko mkali na kinateleza. Miguu ya mbele ikishatokea, kichura huacha kula, huishi kwa akiba ya mkia wake na huanza kutegemea mapafu. Asipopata pa kupanda, huzama. Weka kisiwa kando, lundika kokoto upande mmoja ziwe mteremko wa kutoka kina cha sentimita 5 hadi pakavu, kisha funika tangi kwa wavu, maana vichura hupanda kuta.

Kuponi iache. Aletwaye mara nyingi ni chura wa makucha wa Afrika, Xenopus laevis, aishiye majini maisha yake yote na awezaye kufikisha miaka 15 akifugwa. Kumwachia porini ni kosa: amekwisha kuvamia mito ya nchi kadhaa, na huweza kubeba kuvu Batrachochytrium dendrobatidis, anayeua amfibia, yaani vyura, salamanda na jamii zao. Bora ungoje msimu wa vyura wa eneo lako na, kama sheria inaruhusu, uchukue mayai machache, kisha urudishe vichura kwenye bwawa lilelile. Maji ya tangi yasimwagwe bwawani, na vyombo vikaushwe kabisa kabla ya kutumika tena.