Ugly Stik GX2 kwa Kuvulia Besi: Inafaa Chambo Gani, na Chambo Gani Uiweke Kando

Tazameni hii ncha kwanza, kabla ya salamu. Naisukuma na kidole kimoja tu. Mnaona inavyokubali? Inapinda hapa juu, inashuka, inashuka, mpaka hapa karibu na katikati ya fimbo yenyewe. Halafu naiachilia na inarudi polepole, haitetemeki ovyo. Leo nitazungumza sana juu ya hilo pindo, kwa hiyo asiyelipenda jambo hili anivumilie.

Haya, habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Niko hapa Ziwa Naivasha upande wa Kamere, upepo bado haujaanza, kwa hiyo sauti mtaipata vizuri. Mliojiandikisha karibuni, asanteni sana. Ambaye bado, bonyeza hapo chini, ni bure, na inanisaidia kuendelea kuwaletea vifaa hivi.

Fimbo ya kuvulia niliyoshika ni Ugly Stik GX2, ya rili ya kuning'inia chini, futi sita na nusu, vipande viwili. Vipimo vingine vyote vimeandikwa hapa juu ya mpini, mnavijua, na jina lenyewe mnalijua maana liko sokoni tangu 1976. Sitawasomea karatasi. Nataka tujibu swali ambalo mnaniuliza kila wiki: "Kaka, ninunue fimbo gani ya besi?" Besi ni yule samaki wa mdomo mkubwa.

Na mimi kila wiki nawauliza: unavulia chambo gani?

Jambo hili linaniudhi kweli. Unaingia dukani, unamwambia muuzaji unataka kuvua besi, naye anakutolea fimbo moja, anakwambia hii inafaa kila kitu. Hajakuuliza kama unarusha kranki, ile chambo ngumu ya umbo la samaki mdogo, au mnyoo wa plastiki, au chura wa mpira. Anakuuliza samaki ana kilo ngapi! Jamani, rekodi ya dunia ya besi ni kilo 10 na kidogo. George Perry aliivua kule Georgia, Marekani, mwaka 1932, na Manabu Kurita akaifikia Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Samaki wa namna hiyo humtegemei Jumamosi asubuhi pale Crescent Island, hapa ziwani. Karibu fimbo yoyote nzuri inamtoa besi wa kilo mbili. Kazi ya fimbo ni kurusha chambo chako, kukitembeza inavyotakiwa, na kuizamisha ndoana ya chambo hicho. Ukibadilisha chambo, kazi imebadilika.

Sasa twende kwenye pindo. Hebu kamera isogee.

Hapa nina chupa ya maji ya nusu lita, imejaa, kwa hiyo ni kama gramu 500. Nimeifunga kwenye mshipi. Nainua fimbo taratibu. Tazameni. Ncha imeenda, sehemu ya pili imeenda, sasa pindo limefika hapa, karibu nusu ya fimbo. Natikisa mkono, hivi, kama samaki anavyotikisa kichwa. Mmeona mshipi? Haukulegea hata mara moja. Fimbo inashuka na chupa, inapanda na chupa. Narudia, wanaotazama kwa simu ndogo muone vizuri. Chupa inaruka, mshipi umekaza. Inashuka, umekaza.

Nashika nyingine. Hii ni ya kaboni tupu, nyepesi sana, kali, ya rafiki yangu. Chupa ni ileile. Nainua. Pindo liko wapi? Liko hapa juu tu, robo ya fimbo, huku chini pamesimama wima. Natikisa. Hapo! Mshipi umelegea. Tena, huyo! Umelegea, ukakaza kwa kishindo.

Hapo ndipo samaki anapokutoroka.

Sababu ni hii. Chukua kranki kama hii Rapala DT-6, ya mti wa balsa, ile yenye kiulimi cha plastiki mbele kinachoifanya izame. Ina ndoana mbili, kila moja ina makucha matatu, na makucha yenyewe ni madogo na membamba. Besi akiikamata, mara nyingi kucha moja tu au mawili yameshika ngozi nyembamba ya mdomo. Halafu mnajua tabia yake: anapanda juu ya maji, anafungua mdomo wote, anatikisa kichwa. Chambo chenyewe kina uzito, kinageuka kuwa nyundo ya kung'olea ndoana. Fimbo kavu ikilegeza mshipi sekunde moja, kwaheri. Ikikaza kwa kishindo, inararua ule mdomo. Fimbo laini kama hii inakaa imepinda muda wote, na hakuna kishindo.

Kuna na jambo la pili ambalo wengi hawalizungumzii. Besi haumi kranki kama mbwa anavyouma mfupa, anaivuta ndani pamoja na maji. Wewe uko na fimbo kali, umesikia mguso, mkono umeshtuka, umevuta. Umemnyang'anya chambo kabla hajafunga mdomo! Hii inachelewa kidogo. Ule uchelewaji mdogo ndio unaompa nafasi ya kukamata vizuri, na wewe wala huhitaji kuvuta kwa nguvu. Unaendelea kuzungusha rili, unaegemeza fimbo upande, basi, ameshanasa.

Siri iko kwenye vifaa vilivyotumika. Ni mchanganyiko wa kaboni na nyuzi za kioo, na hii ncha inayopitisha mwanga, ona, naiweka juani, ni nyuzi za kioo tupu, haina uwazi ndani. Kioo kinapinda taratibu na kinarudi taratibu. Kaboni inarudi haraka na inakuletea habari zote za chini ya maji. Kila kimoja kina kazi yake.

Na kurusha pia. DT-6 ina gramu 10 na nusu hivi. Fimbo hii imeandikwa aunsi 1/8 hadi 5/8, yaani gramu 3.5 hadi karibu 18. Kwa hiyo tuko katikati kabisa, na ndipo ninapotaka muwe. Msisome namba ya juu mkadhani hapo ndipo pazuri. Narudisha nyuma, ncha inabeba uzito, naachilia... Hiyo! Imeenda mpaka ukingo wa mafunjo na sikutumia nguvu.

Rangi niliyofunga ni nyekundu iliyochanganyika na kahawia. Wageni wa ziwa hili wanashangaa, wanauliza mbona si rangi ya samaki. Besi waliletwa hapa kutoka Marekani mwaka 1929, na mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi, wale wa Louisiana wenye magando. Besi anawapenda mno. Kranki inayogonga chini, inaruka, inagonga tena, inafanana na kamba anayekimbia kinyumenyume. Na inapogonga shina la mafunjo, ncha laini inaachia kidogo, chambo kinapita. Ncha kavu inaendelea kuvuta na kuyakita makucha ndani ya shina.

Subirini, kuna mtumbwi unapita, nampisha... Asante mzee! Haya. Amebeba kapu la samaki, na mara nyingi huwamo kapsi, yule samaki anayeitwa carp kwa Kiingereza. Tangu kapsi aonekane humu, karibu mwaka 2001, amejaza mitumbwi mingi. Kwa hiyo kumpata besi kunataka ufundi zaidi, na huyo uliyemngoja asubuhi nzima hutaki akutoke kwa sababu ya fimbo.

Sasa tuyaseme na yale mengine. Fimbo hii ni nzito kuliko ya kaboni. Ukirusha asubuhi mpaka saa sita, kifundo cha mkono kitakwambia. Mwanzoni nilipanga kuihesabu kuwa kasoro kubwa, lakini kwa kranki naona naisamehe, kwa sababu huwa unaishika chini na kuzungusha rili tu, haukai umeiinua juu. Kwa jigi, ile ndoana yenye kichwa cha risasi, ningeikataa hapohapo.

Na jigi tuizungumze, maana hapa ndipo watu wanapolia. Jigi, au mnyoo wa plastiki wenye chubwi kwa mtindo wa Texas, una ndoana moja tu, nene, na kwa ule mnyoo ncha ya ndoana umeificha ndani ya plastiki isishike majani. Ikitaka kumnasa besi lazima itoboe plastiki kwanza, halafu itoboe mdomo. Nimechukua boksi la katoni, nimeshindilia plastiki ndani, ndoana iko hapo. Narudi nyuma, hatua kama kumi na tano. Navuta na hii laini... imepinda, imepinda, nguvu yote imeishia kwenye fimbo. Ndoana haijatoka upande wa pili. Ile ya kaboni: paa! Imetoboa. Yale niliyoyasifu dakika chache zilizopita, hapa ndiyo yanakuangusha.

Tena jigi unaisikiliza. Unataka kujua imegusa jiwe, imegusa tope, au kuna aliyeibeba na kuanza kutembea nayo. Hii itakuficha. Kwa jigi tafuta kaboni, futi saba au saba na robo, ngumu kiasi, inayopinda juu tu. Chura wa mpira unayemburuta juu ya magugu maji anataka ngumu zaidi ya hapo, na mshipi wa kusukwa wa ratili 50, kwa sababu ukishamnasa unamng'oa besi pamoja na rundo la majani. Msijaribu na hii. Itapinda mpaka mpini, na samaki atabaki ndani ya gugu.

Vyambo vyenye visahani vinavyozunguka, vile vya spinnerbait, je? Nilikuwa naelekea kusema hapana. Ndoana ni moja, ingetaka fimbo kali. Lakini ncha ya ndoana iko wazi, haijafichwa, na samaki anaigonga chambo ikiwa mwendoni. Kwa vile vyepesi, gramu 7 mpaka 10, naona inafaa. Vizito vya gramu 14 kwenda juu, ningependa kitu kigumu kidogo. Na vyambo vya juu ya maji vyenye makucha matatu, vile vinavyotema maji, hapo ndiyo kabisa, pindo hilihili ndilo linalotakiwa.

Wapo watakaoniandikia kwamba St. Croix wana Mojo Bass Glass, iliyotengenezwa mahsusi kwa kranki. Ni kweli, na mwenye uwezo anunue, ni fimbo ya daraja nyingine. Lakini fimbo ya futi saba na kitu ya kipande kimoja utaipanda nayo matatu ipi kutoka Nairobi? Hii naigawa mara mbili, naiweka magotini, nimefika. Wenye magari hamtalielewa hilo. Na pete zake za kupitishia mshipi ni za chuma kisichoshika kutu, za kipande kimoja, hazina kile kiduara cha ndani kinachodondoka ukiigonga kwenye ngalawa.

Bei. Marekani imekuwa ikiuzwa kama dola 40 hadi 60. Hapa kwetu ukijumlisha usafiri na ushuru itapanda, hilo linaeleweka. Lakini kuna duka moja Nairobi walinitajia karibu mara tatu, wakisema ni ya mashindano. Si ya mashindano, ni fimbo ya kazi ya kila siku. Ulizeni maduka mawili matatu, na mkiwa na ndugu anayekuja kutoka ng'ambo, faida nyingine ya vipande viwili hiyo, inaingia kwenye sanduku refu bila ugomvi uwanja wa ndege.

Mlioko Texas na Minnesota, najua mnatazama, nimeona salamu zenu. Ninyi mna maziwa yenye maji marefu na mnarusha kranki kubwa za aunsi nzima, gramu 28. Hii inaishia 18, msiilazimishe. Tafuteni futi saba na nusu, laini vilevile lakini yenye nguvu zaidi. Na wa Kisumu mnaouliza habari za sangara, hiyo ni fimbo nyingine kabisa, nimeshaanza kuandaa video yake.

Habari za chaneli: kuanzia wiki ijayo video zitatoka Ijumaa jioni badala ya Jumapili, kwa sababu wengi mmesema mnataka kuzitazama kabla ya kwenda ziwani. Na msisahau leseni, na boya la kuvaa. Viboko wa hapa hawana urafiki na mtu.

Nikiambiwa nibaki na fimbo mbili tu Naivasha, moja ni hii, kwa kranki na vyambo vya juu ya maji, nimeifunga nailoni ya ratili 10. Ya pili ni ya kaboni, ngumu kiasi, kwa jigi na mnyoo. Breki ya rili kwenye hii iacheni ilegee kidogo, msiibane kama ya jigi.

Sasa niandikieni hapo chini chambo unachokitumia zaidi na uzito wake kwa gramu. Usiniandikie ukubwa wa samaki. Nitawajibu mmoja mmoja fimbo inayokifaa, na maswali yatakayojirudia nitayafanyia majaribio ya chupa Ijumaa. Upepo umeanza, naona mafunjo yanalala. Acha nirushe kabla maji hayajachafuka.