Noti za zamani za dola zenye mihuri ya rangi: uanze na ipi, na ujuaje kama imefuliwa

Mwaka jana nilinunua noti ya dola moja ya Hawaii kwenye maonyesho ya sarafu huku Marekani, ile ambayo mhuri wake wa Hazina pale mbele ni wa kahawia, toleo la 1935A, muuzaji kaandika kabisa kwamba haijawahi kutumika, nikatoa dola 140. Nikaituma ikapimwe. Ikarudi na jibu kwamba imefuliwa na kupigwa pasi. Nilikaa na ile karatasi mkononi sina la kusema.

Miongozo mingi inakwambia angalia mikunjo na pembe zilizochanika, sawa, hiyo kila mtu anaiona. Kufuliwa ndo watu hawakuangalii. Noti iliyofuliwa, ukiitupia jicho tu, inavutia kuliko halisi, ni nyeupe na imenyooka, na ndo ugonjwa wenyewe. Fanya hivi: igeuze nyuma, iinamishe mwanga uipige kwa pembeni. Noti mpya ambayo haijaguswa ina vimabonde, namba na mhuri vilivyogongwa mbele vinatokeza kwa nyuma, ukipigwa pasi vinalala. Halafu chukua tochi ya UV ile ya kumulikia noti bandia. Karatasi ya dola ni pamba na kitani, kawaida haiwaki, ikiwaka weupe wa kibuluu ujue imepita kwenye sabuni ya unga. Isipowaka usishangilie bado, wapo wanaofua kwa maji matupu.

Sasa ununue ipi. Kwangu mimi ya kwanza ni mhuri wa njano, noti za Afrika Kaskazini, zilizopewa wanajeshi wa Marekani waliotua Moroko na Algeria Novemba 1942. Rangi ilibadilishwa makusudi, ili Wajerumani wakiziteka serikali izitangaze hazina thamani. Dola moja ya hizi ina mhuri wa njano lakini namba ni za buluu, kumbuka hapo, na uangalie sana ule mhuri kwa sababu kuna watu wanachukua noti ya kawaida ya mhuri wa buluu wanaichezea kwa kemikali mpaka inakuwa njano. Ya pili ni Hawaii, pamoja na yaliyonikuta, ilitolewa 1942 baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, kwa wazo hilohilo, na neno HAWAII limegongwa mbele na nyuma. Ya tatu mhuri wa dhahabu wa 1928, dola 10 au 20. Kuanzia 1933 watu walikatazwa kukaa nazo mpaka 1964 ndo zikaruhusiwa tena, lakini kwa bei yake ujiandae.

Mihuri myekundu, dola 2 za 1953 na 1963, ni nzuri kwa kuanzia. Mhuri wa buluu, dola moja ya 1957, zimejaa kila mahali, nunua tu ikiwa mpya kabisa.

Na kwa zote hizo tatu za juu mi nanunua iliyopimwa na kufungwa kwenye plastiki na PMG tu, kampuni ya kupima noti, wale wa Sarasota, Florida, sifichi. Wanapima mpaka 70, ila mi namba siitazami sana, natafuta herufi EPQ, maana yake karatasi ni ya asili, haijafuliwa wala kuchezewa. Yenye 58 ikiwa na EPQ naichukua mbele ya 63 isiyo nayo.

Kinachoniuma ni wauzaji. Ile 1957 iliyochakaa unaiwekea karatasi ya dhahabu, unaandika "adimu sana", unamuuzia mama wa watu dola 30 wakati haifiki hata dola 5, na unamwambia ataenda kubadilishiwa apewe madini ya fedha kama noti hizo zilivyoahidi zamani, wakati hilo lilifungwa tarehe 24 Juni 1968! Yule wangu nilimrudia na jibu la vipimo, akasema alichouza ni noti, hakuuza karatasi ya asili, na pesa hakunirudishia.