Saa 24 zilizokula boneti yangu

Naanza na boksi, maana hasira yangu yote inakaa kwenye boksi. Upande wa mbele kuna picha ya kopo la rangi ya kupuliza, limeshikwa na mkono safi usio na hata tone moja la rangi. Hapo tu ningeshtuka. Upande wa nyuma wameandika kwa herufi nene: subiri saa 24, kisha anza kupiga msasa. Mimi nilisubiri saa 48. Nilijiona mtu mwenye subira ya ajabu.

Ninayoizungumzia ni seti ya kurekebisha kasoro za rangi ya gari, ile yenye misasa ya maji, kibao cha mpira na chupa mbili za kampaundi, ile dawa ya kung'arishia rangi. Sitaorodhesha vilivyomo, vimeandikwa kila mahali. Nataka kusema juu ya jambo moja tu, na mkiniona narudia rudia, nivumilieni, bado linaniuma.

Mimi si fundi rangi na sijawahi kudai. Boneti ya gari langu ilikuwa imebabuka klia, ile rangi angavu ya juu kabisa, ikajaa mabaka meupe kama mtu mwenye ukurutu. Nikaona hii ni kazi ya kumaliza mwenyewe, inataka makopo manne na utulivu. Makopo nilikuwa nayo.

Matokeo yalikuwa ya namna mbili, na yote yametoka kwenye mkono huuhuu mmoja. Upande wa kulia nilikuwa naufikia kwa shida, nikapuliza kwa mbali, matone yakawa yanafika yameshakauka nusu na hayakupata nafasi ya kuungana. Uso ukawa vinundu vinundu, ile kasoro wanayoiita ganda la chungwa. Upande wa kushoto nilisogea mno na mkono nikauchelewesha, rangi ikalia: chozi moja nene, refu kama kidole cha mwisho, likateremka kuelekea kwenye taa na kuganda hapo. Katikati ya boneti alitua mdudu. Sina la kusema juu ya mdudu.

Hakuna la kutisha hapo. Anayejipulizia gari lake mara ya kwanza hukutana na mambo hayo, na dawa yake inajulikana: rangi iachwe ikauke vizuri, isuguliwe kwa msasa wa maji mpaka uso unyooke, halafu ing'arishwe kwa kampaundi. Neno zito katika sentensi hiyo ni "vizuri". Wao neno hilo wamelipimia saa 24.

Nilifuata karatasi yao ya maelekezo neno kwa neno. Niliuloweka msasa, nikatia tone la sabuni ya vyombo kwenye ndoo, nikauzungusha kwenye kibao, nikaanza na namba 1500 (namba ikipanda, msasa unakuwa laini zaidi). Dakika ya kwanza raha tupu. Maji yanakuwa meupe kama maziwa, mkono unateleza, nikaanza hata kupiga mluzi. Dakika ya tatu msasa ukakwama. Sisemi ulikwaruza, nasema ulikwama, kama kiatu kwenye lami ya jua kali. Nikaugeuza nikauangalia. Umejaa vijidonge vya klia, laini, vinanata, mfano wa takataka za kifutio cha shule. Nikauosha nikarudia. Vijidonge vikakusanyika chini ya msasa, vikawa vinaviringika, na kila kilichoviringika kilichora njia yake. Mistari yenyewe si ile myembamba ambayo kampaundi huifuta. Ni mistari ambayo kucha inazama.

Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi nilikandamiza.

Boneti ya gari langu ina mkunjo unaotoka kwenye kioo kwenda mbele, umbo zuri kabisa, na kwenye mkunjo rangi siku zote huwa nyembamba, kwa sababu ikiwa mbichi inajivuta kutoka kwenye kingo, na msasa nao uzito wake wote unaangukia palepale. Hilo nalijua leo. Siku ile niliona tu bluu inafifia, inakuwa bluu ya kuchoka, kisha praima, ile rangi ya msingi ya kijivu, inachungulia kama goti kwenye suruali iliyochanika. Ukanda wa sentimita kumi hivi. Nikakaa chini pale pale, kwenye maji ya sabuni.

Nikapiga namba iliyo kwenye boksi. Jamani, sikupiga kwa ubaya. Nilitaka kuuliza nimekosea wapi, basi. Akapokea kijana.

"Rangi ni ya kopo?"

"Ndiyo."

"Umeiacha muda gani?"

"Siku mbili."

Akacheka. Hakikuwa kicheko kirefu, pumzi tu ya puani, lakini simu iliileta yote.

"Kaka, kwani wewe ni fundi?"

"Hapana."

"Basi."

"Basi nini?"

"Ya kopo hiyo, kaka. Inataka wiki kadhaa. Saa 24 ni za rangi ya hadena, ile ya kuchanganya na dawa ya kuigandisha. Mafundi wanajua."

"Lakini boksi lenu lina picha ya kopo."

Akanyamaza kidogo. "Ile ni picha tu," akasema, na akaniuliza kama kuna kingine cha kunisaidia.

Ile ni picha tu! Nimeoga na sentensi hiyo, nimelala nayo, nimeamka nayo. Kama mafundi wanajua, boksi mnamwandikia nani? Fundi hanunui seti ya kwenye boksi lenye picha. Fundi ana msasa wake wa karatasi nzima, ana mashine, ana jicho. Boksi lile liliandikwa kwa ajili yangu mimi mwenye makopo manne, na mimi ndiye niliyechekwa.

Kinachochoma zaidi ni kwamba yule kijana alikuwa sahihi. Nimesoma, nimeuliza, na ndivyo ilivyo. Rangi ya kopo la kawaida hukauka hasa kwa thina kupaa hewani. Juu hufunga utando mapema, unagusa kwa kidole unasema tayari, kumbe chini thina imefungiwa na inatafuta pa kutokea. Ukipuliza mkoti, yaani tabaka, mnene, kama nilivyopuliza upande ule wa chozi, inakawia zaidi. Ubaridi na unyevu navyo vinaikawiza. Rangi ya hadena haingoji hewa tu, inashikana yenyewe kwa kemia, kwa hiyo siku moja au mbili mahali penye joto zinaweza kuitosha. (Sisemi mkimbilie huko: hadena ina sumu inayoingia mapafuni na haichezewi bila kinyago cha maana chenye vichujio.) Yapo pia makopo yenye hadena ndani, unabonyeza kitako kuipasua kabla ya kupuliza. Pengine lile la kwenye picha ni la namna hiyo. Inawezekana. Nawapa nafasi hiyo. Lakini mstari mmoja, mstari mmoja tu wa maandishi madogo, ungeokoa mkunjo wangu.

Sasa hapa ndipo ninapojichanganya mwenyewe, kwa sababu ile seti sikuitupa.

Niliiacha gari kwa wiki tatu, labda nne, naendesha hivyo hivyo na aibu yangu mbele ya kioo. Kila baada ya siku kadhaa niliinama na kunusa boneti. Cheka ukitaka, lakini pua ni kipimo kizuri kuliko boksi: ikinusa thina, kazi bado. Ilipokosa harufu nikabonyeza kucha kwenye ukingo wa chini usioonekana, haikuacha alama. Nikaanza upya.

Safari hii nilibandika tepu ya karatasi juu ya mkunjo wote na kingo zote kabla ya kugusa maji. Hilo karatasi yao haisemi. Chozi nililiendea kwa wembe: unafunika ncha zake mbili kwa kipande cha tepu ili katikati tu ndiyo ikate, unakwangua nao polepole juu ya chozi, na tepu inauzuia usiuchane uso wa pembeni. Kisha kipande kidogo cha msasa juu ya kibao kigumu kilicho chembamba, kipite juu ya chozi pekee. Ukitumia kidole, kidole kinafuata umbo la chozi na chozi linabaki, limeng'aa zaidi tu.

Na msasa wao, lazima niseme, ni mzuri. Namba 1500 ulikata sawasawa bila kuacha mkwaruzo wa kihuni hata mmoja. Karatasi yao inasema upitishe namba 2000 kwa kukatisha mistari ya 1500, na hilo ni shauri la dhahabu, kwa sababu unaona kwa macho mistari ya mwanzo ikiisha. Vinundu vilivyosuguliwa hufifia, mabonde hubaki yanang'aa, nawe unasugua mpaka nyota zile za mng'ao zimekaribia kwisha, si mpaka zimekwisha. Na ufute maji kila mara. Uso wenye maji hung'aa hata kama umeuharibu, unakudanganya kabisa. Mdudu alitoka kwa mizunguko sita ya 2000, akaacha kivuli cha mguu mmoja ambacho mimi tu ndiye ninayekijua.

Nilikuwa na woga kila dakika. Klia ya kiwandani mara nyingi ina unene wa mikromita 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele wa kichwa. Yangu ya mikoti mitatu sijui ilikuwa ngapi na sikutaka kujua.

Mkunjo niliupuliza upya, mikoti myepesi, bluu kisha klia, nikangoja tena majuma mengine. Sitaki kulizungumzia sana hilo.

Halafu kampaundi. Ile ya kwanza ilifuta ukungu ulioachwa na msasa wa mwisho, namba 3000, kwa mkono tu, sponji na jasho. Ile ya pili nilipoipangusa kwa kitambaa nikaona taa ya gereji ndani ya boneti. Duara kamili, bila kutetemeka. Nikasogeza kichwa, taa ikasogea nami. Niliwahi kulipa watu kuniletea kitu kama hicho na hawakukileta. Nilimwita mke wangu aje aone. Akaja, akatazama, akaniambia, "Si ndivyo ilivyokuwa zamani?" Nikamwambia ndiyo, hiyo ndiyo maana yake. Akarudi ndani.

Kwa hiyo nifanyeje? Tathmini hii nilikuwa nimeshaiandikia nyota moja kati ya tano. Baada ya ile taa nikafuta nikaweka nne, na moyoni ilikuwa tano, kwa sababu kampaundi ile ya pili ni kitu cha kuheshimiwa. Kisha jioni jua lilipolala upande wa kioo nikauona mkunjo. Ukanda wa sentimita kumi, bluu yake ina baridi kidogo kuliko bluu ya jirani yake. Mgeni haoni. Mimi sioni kingine. Nikashuka tatu.

Mkiniuliza ninunue au nisinunue, nunua. Lakini karatasi yao isome kwa habari ya msasa, na kwa habari ya muda ichane. Kama rangi yako ni ya kopo la kawaida, ngoja hadi pua iridhike, hata kama jamaa zako wanakuuliza gari lina ugonjwa gani. Na kama umekwama, usipige ile namba. Au piga, lakini useme wewe ni fundi.

Juzi nilipita dukani kununua tepu. Boksi liko palepale kwenye rafu, jipya, limebadilishwa hadi rangi ya maandishi, nikadhani labda. Nikaligeuza. Saa 24, herufi nene zaidi. Mbele, kopo. Mkono safi.

Nyota mbili.