Mashine nyepesi ya kufyonza vumbi kwa nyumba ya marumaru: ipi ununue

Nyumba nyingi zinazojengwa Dar siku hizi hazina zulia la ukuta hadi ukuta. Ni marumaru sebuleni, marumaru chumbani, na sementi iliyosuguliwa uani. Lakini ukiingia dukani utaoneshwa mashine iliyobuniwa kwa ajili ya mazulia ya Ulaya: kubwa, nzito, ina brashi ngumu inayozunguka, na muuzaji anakusomea wati kama anayekuuzia jenereta. Kwenye marumaru vumbi halijazama popote, limelala juu tu. Nguvu nyingi hazihitajiki. Kinachohitajika ni kichwa kinachoketi vizuri sakafuni, na mashine ambayo anayefanya usafi hataichoka kabla hajafika jikoni.

Basi kabla ya kuuliza jina na bei, ipindue uangalie kichwa. Brashi ya nywele ngumu ikizunguka kwa kasi juu ya kigae huzipiga chembe za mchanga na kuzirusha nyuma, nawe unazikanyaga. Kinachofaa ni rola laini ya kitambaa chenye manyoya, au kichwa kisichozunguka kabisa, chenye nywele laini ukingoni. Pitisha kidole kwenye magurudumu pia. Yakiwa ya plastiki tupu, chembe moja ikinasa hapo itakuchorea mistari kwenye marumaru zinazong'aa.

Halafu ijaribu. Nenda na mchanga kidogo kwenye karatasi, umwage sakafuni pale dukani, upitishe mashine mara moja kwenda mbele bila kurudi. Kinachosalia nyuma ya kichwa ndicho utakachokanyaga nyumbani. Muuzaji akinuna, kama uko Kariakoo, duka jingine ni la mlango wa pili.

Kuhusu wati, usitishike. Tangu tarehe 1 Septemba 2017 Umoja wa Ulaya hauruhusu mashine za kawaida za nyumbani zinazozidi wati 900 kuingizwa sokoni. Kuanzia 2014 kikomo kilikuwa 1,600. Nyumba za huko hazikuchafuka kwa sababu hiyo. Watengenezaji walilazimika kurekebisha vichwa na njia za hewa. Kwa hiyo ukikutana na mtumba wa wati 2,200 unaosifiwa kuwa "nguvu ya zamani", zamani ni kweli, na LUKU yako itaijua.

Ya kwanza: ya fimbo, yenye waya

Hii ndiyo ningemwambia ndugu yangu anunue. Mfano mmoja ni Deerma DX700: wati 600, uzito wa kilo mbili hivi, mota na kidebe cha vumbi vimeshikana kwenye bomba moja. Ukichomoa bomba unabaki na mashine ndogo ya mkononi ya kufyonzea makochi na pembe za dirisha. Ukiitumia dakika 20 imekula uniti 0.2 za umeme. Haina betri, kwa hiyo hakuna kitu ndani yake kinachozeeka kikiwa kimekaa tu kabatini.

Kero yake kubwa ni waya. Mashine nyingi za aina hii huja na waya wa mita nne hadi tano, na nyumba zetu zina soketi moja kila chumba, mara nyingi nyuma ya kochi. Utahamahama, au utafute ekstensheni nzuri. Kero ya pili ni kwamba kichwa bapa kinasukuma punje kubwa mbele badala ya kuzimeza, kwa hiyo ukifika kwenye mchele uliomwagika unainua ukingo wa mbele kidogo. Na inapiga kelele. Usiiwashe mtoto amelala.

Chujio lake ndilo linaloua au kuponya mashine. Vumbi letu ni laini, na sementi isiyopakwa kitu hutoa unga kila siku. Nguvu ikipungua usikimbilie kwa fundi: toa chujio, likung'ute nje, lioshe kama kitabu cha maelekezo kinaruhusu, kisha liache likauke siku nzima. Ukilirudisha bichi, kwa unyevunyevu wa pwani sebule yote itanuka kama kitambaa cha deki kilichosahaulika kwenye ndoo.

Ya pili: ya fimbo, ya kuchaji, yenye rola laini

Kwa raha ya kutumia hii inaishinda ya kwanza. Unaichomoa ukutani, unapita nyumba nzima, unairudisha. Dyson V12 Detect Slim ina kilo 2.2 na kichwa chenye mwanga wa kijani unaomulika sakafu kwa pembeni, vumbi lote likajionesha (usimwashie mama mkwe). PencilVac ya kampuni hiyohiyo, iliyotangazwa 2025, ina kilo 1.8 na mpini mwembamba wa milimita 38, nayo imetengenezwa kwa sakafu ngumu tu. Ni nyepesi kweli, ila kidebe chake ni kidogo mno, na mtu anayeishi kwenye mchanga wa Kigamboni atakuwa anamwaga kila mara.

Tatizo ni betri. Chukua betri ya volti 21.6 na mAh 2,500: ndani mna wati-saa 54, yaani umeme wa kuendesha kitu cha wati 54 kwa saa moja. Mota ikivuta wati 400 kwenye nguvu ya juu, hizo zinaisha kwa dakika nane. Zile "dakika 40" za kwenye boksi ni za nguvu ya chini kabisa. Kwa marumaru nguvu ya chini inatosha mara nyingi, lakini betri huchoka mwaka hadi mwaka, na joto huiharakisha. Uliza mambo mawili: je, betri inatoka kwa kubonyeza tu, na je, duka lina ya akiba? Jibu likiwa "utaagiza", weka bei ya kuagiza ndani ya bei ya mashine.

Kama nyumbani kunasukwa rasta, tafuta pia namna ya kuchomoa rola. Nyuzi za rasta hujiviringisha pale hadi rola inasimama, na dawa yake ni mkasi na subira.

Ya tatu: ndogo ya kuburuta

Ina kilo nne au tano, lakini mkononi unashika bomba tu. Inashika nafasi hii ikiwa ni ya mfuko na una mtu wa pumu au mafua ya vumbi: mfuko unautupa ukiwa umefungwa, wakati kidebe kinakupulizia vumbi usoni wakati wa kumwaga.

Roboti, ile inayojiendesha yenyewe sakafuni, ingeweza kupata nafasi ya juu zaidi kwenye orodha hii kama ni fleti yenye sakafu sawa. Nyumba zetu zina vizingiti, na roboti nyingi hushindwa kwenye kimo kinachozidi sentimita mbili. Ongeza mikeka, ndala mlangoni na nyaya za chaji.

Mashine ndogo za kusafishia gari usinunue kwa ajili ya sakafu. Na hakuna hata moja kati ya hizi inayovuta maji, isipokuwa imeandikwa hivyo: subiri deki ikauke kwanza.

Kabla ya kulipa soma kibandiko chini ya mashine. Kwetu ni volti 230, hezi 50. Iliyoandikwa 120V tu, aliyokuletea shemeji kutoka Marekani, ukiichomeka moja kwa moja itaungua, na adapta ya plagi haibadilishi volti. Ya kuchaji mara nyingi hupona kwa sababu chaja yake huandikwa 100–240V. Ya waya haiponi.