Kichujio cha kamera ya gari: mchana nakisifu, usiku nakivua

Naendesha teksi Malindi–Mombasa, na video za kamera yangu zilikuwa na kero moja: kitambaa cheupe cha dashibodi kinaakisiwa kwenye kioo cha mbele, na kwenye video kimejichora katikati ya barabara. Saa sita mchana pale Gede, namba ya gari la mbele huioni. Unaona tasbihi na risiti zilizo juu ya dashibodi.

Nimenunua kichujio cha polaraizi, yaani cha kupunguza mwako wa mwanga unaorudishwa na kioo, shilingi 1,500, kinabanwa mbele ya lenzi. Siku ya kwanza nilikilaumu bure. Kumbe lazima ukizungushe taratibu huku unatazama skrini, mpaka ule mwako ufifie. Mwanga ukigonga kioo na kurudi, sehemu yake kubwa huwa inatikisika kwa mwelekeo mmoja. Kichujio kikikaa sawa huizuia sehemu hiyo. Nilipoipata pembe yake, wallahi, kile kitambaa kilifutika, na namba za matatu zikasomeka hadi daraja la Kilifi.

Jua likikukabili usoni, hakisaidii. Usiku nakivua, maana hula nusu ya mwanga au zaidi na picha inazama gizani. Ukingoni nimetia nukta ya rangi nyeupe, asubuhi nikikirudisha nakuta pembe ile ile. Na kitambaa nimebadilisha, sasa ni cheusi.