Uzoefu wangu na crash kwenye kerneli 6.4: simboli za moduli zipangweje?

Crash, programu ya kuchunguza kerneli ya Linux, nimeitumia miaka kadhaa kusoma dampu (nakala za memori) za mashine zilizokufa ghafla, na mpangilio wa simboli (majina ya fanksheni na data pamoja na anwani zake kwenye memori) za moduli, yaani programu ndogo zinazopakiwa ndani ya kerneli, sikuwahi kuufikiria hata siku moja. Zamani haikuwa ishu. Moduli ilikuwa na bloku moja kubwa ya memori, na ile ndogo ya init (ya kuianzisha moduli) inayoachiliwa moduli ikishaanza, kwa hiyo ukijua mwanzo na mwisho wa bloku umemaliza, anwani yoyote humo ndani ni ya moduli hiyo.

Sasa kerneli 6.4 ya mwaka 2023 ikabadilisha mambo. Moduli moja ina memori za aina 7: kodi, data, ya kusomwa tu, ile inayofungwa isiandikwe baada ya init, halafu tatu za init yenyewe, na kila moja inatengewa nafasi yake, yaani kati ya kodi na data ya moduli yako unaweza kukuta vipande vya moduli zingine kabisa.

Crash yangu ya zamani iligoma, inatafuta sehemu za struct module (rekodi ya kerneli kuhusu kila moduli) ambazo hazipo tena. Hiyo dawa yake nyepesi, chukua toleo la crash 8.0.4 kwenda juu. Kilichonitesa ni skripti yangu mwenyewe ya kutafuta anwani ni ya nani, ilikuwa inachukua simboli ya chini kabisa na ya juu kabisa ya kila moduli halafu inasema chochote katikati ni cha moduli hiyo, basi nikakaa siku mbili nasoma kodi ya moduli isiyo na kosa lolote, kumbe ile anwani ni ya jirani yake. Iliniuma sana.

Tangu hapo nina msimamo. Kutafuta anwani lazima kwende kwa anwani, simboli za moduli zote zikiwa zimechanganywa kwenye foleni moja, kwa sababu jibu sahihi ni simboli ya karibu iliyo chini ya anwani unayoitafuta, ndani ya kipande kilekile. Na amri ya crash ya sym -p inayokuonyesha simboli iliyotangulia, "iliyotangulia" iwe kwa anwani, sio kwa orodha ya moduli. Ila sym -m nikiipa jina la moduli nataka za moduli hiyo tu, kipande kwa kipande, kila kipande kina alama ya mwanzo na ya mwisho, na hapo crash imenifurahisha kweli, nikiona hizo alama najua mara moja niko kwenye kodi au kwenye data.

Kitu kingine watu wanakipuuza ni simboli mbili zenye anwani moja. Alama ya mwanzo wa kipande itangulie simboli halisi, na majina mawili ya fanksheni moja yatoke kwa mpangilio uleule kila siku, maana mimi nalinganisha orodha za dampu mbili kwa diff (programu inayoonyesha mistari inayotofautiana), na mpangilio ukirukaruka naletewa tofauti ambazo hazipo.